Ubavu wa Kushoto

Wodini wananiita Sajini, na jina hilo sikulipata bure. Kwangu mtoto mchanga hulala chali. Ndiyo kanuni, imebandikwa ukutani, na kila asubuhi napita kitanda hadi kitanda nikiwageuza.

Yule mama kijana wa kitanda cha dirishani alinipanda kichwani. Mwanawe wa wiki sita alikuwa na uvimbe ulioanzia chini ya taya ukashuka mpaka ndani ya kifua, ukibana njia ya hewa. Namlaza chali, nikirudi namkuta ubavu wa kushoto. Mara tatu. Mara ya nne nilimfokea mbele ya wenzake, nikamuuliza kati yetu nani kasomea uuguzi. Akainamisha kichwa. Mtoto alikuwa anakoroma kama birika linalokaribia kuchemka, nami nikasema asitie wasiwasi, kesho anapasuliwa.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe chumba cha upasuaji. Daktari wa usingizi, mwanamke asiyependa papara, alitueleza kwamba hatampa dawa ya kulegeza misuli. Mtoto ataendelea kupumua mwenyewe mpaka mpira wa kupitishia hewa uingizwe kooni. Akamfunika barakoa. Mtoto akasinzia chali, kama nilivyomlaza.

Kifua kikaanza kuingia ndani. Namba za oksijeni zikaporomoka: tisini, themanini, sitini na tano. Daktari akainua taya, akajaribu mpira, ukagoma. Midomo ikawa ya bluu. Mpasuaji alishika kisu akiitazama shingo iliyojaa uvimbe, asijue akate wapi. Mimi nilikuwa nahama mguu huu kwenda ule. Nilijua kitu, na kukisema kulikuwa kujikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

"Mlazeni ubavu wa kushoto," nikasema. "Mama yake humlaza hivyo. Mimi ndiye ninayemgeuza."

Hakuna aliyeniuliza zaidi. Wakamgeuza, hewa ikaingia, namba zikapanda taratibu. Mpira ulipita akiwa ubavuni vilevile.

Saa nne baadaye mpasuaji alimweleza mama kwamba sehemu kubwa ya uvimbe imetoka, mtoto yuko kwenye mashine ya kupumulia, na kwamba anishukuru mimi. Ningeweza kuzimeza sifa zile. Roho ilinisuta. Nikamwambia yote, nikamwomba radhi.



"Dada," akasema, "siku zote hizi nilikuwa silali. Uvimbe nilishauzoea. Nilikuwa nakuogopa wewe."