Kochi la Kwenye Simu

Flora alifika Kitangari kutoka Masasi msimu wa korosho ukielekea ukingoni. Baada ya shikamoo, na hata kabla hajafungua begi, alisema, "Mama, safari hii nakununulia kochi. Hicho kiti cha plastiki kitakuangusha."

Severina akacheka. "Kochi lenyewe liko wapi? Umelibeba mfukoni?"

"Ndiyo." Flora akatoa simu, akafungua duka moja la mtandaoni, akaielekeza kamera sakafuni na kuizungusha taratibu. "Haya, tazama."

Kwenye kioo Severina aliiona sebule yake ileile, na ufa wake ukutani, na picha ya marehemu mumewe, Nikolao. Katikati limekaa kochi la kijani, kama lililohamia jana. Akashusha simu: sakafu tupu. Akainua: kochi. Flora alipopita mbele ya kamera, kochi likammeza miguu, mama mtu akacheka mpaka akashika mlango.

"Sasa lisogeze pale konani," alisema.

Flora akalivuta kwa kidole. Lilipotulia, kicheko kikamwisha Severina.

"Hapana. Hapo baba yako alikuwa anaweka madumu."

"Madumu gani?"

"Ya maji. Nilipokuwa na mimba yako miguu ilivimba, sikuweza kushuka bondeni. Akawa anakwenda yeye na baiskeli. Wenzake wakamcheka, wakamwita mke wa Severina. Basi akiingia hapa, jasho linamtiririka, ananiambia, 'Mama, mke wako amerudi.'"

Baba aliyemjua Flora alikuwa mtu wa salamu na maneno mawili matatu.

"Na hapa dirishani?" akauliza, akilisogeza tena.

"Hapo tulikuwa tunabangua korosho za kula, mvua ikinyesha. Yeye anaimba."

"Baba? Anaimba?"

"Vibaya mno! Kuku walikuwa wanatoka nje kwenye mvua."

Wakaendelea hivyo, kochi likizunguka nyumba nzima, Flora akiuliza na Severina akikumbuka, mpaka simu ikaisha chaji na kuzimika. Walibaki wameikodolea macho sakafu.

"Agiza la watu wawili," Severina alisema baadaye, wakila. "Likae konani."

"Si umesema ni pa madumu?"

"Siku hizi tangi liko nje. Miaka yote hii napita pembeni ya ile kona kama vile bado pamejaa. Nimechoka kupazunguka."

Kochi lilikuja na lori, Flora akiwa amesharudi Masasi. Kijani chake kilikuwa kimepauka kuliko cha kwenye simu. Severina aliwaelekeza vijana wa lori mahali pa kuliweka, akawapa maji ya kunywa, kisha akakaa, kwanza ukingoni kama mgeni, halafu akajiegemeza.

Alasiri akampigia binti yake.

"Limefika, mwanangu. Ni zuri, ila limeniponza. Nimelala hapohapo, maharage yote yameungua jikoni."