Uvimbe Usiosikia Njaa

Dada mtu alikuwa amekonda mpaka pete ikahamia kidole gumba. Mdogo wake, anayefanya kazi maabara, alipomletea maziwa yenye sukari, aligeukia ukutani.

"Ondoa sumu yako hiyo. Si wewe mwenyewe uliyesema?"

Ndiye. Mdomo uliponza kichwa. Kazini kwake hulea seli kwenye visahani, na siku moja alizinyima sukari ili aone zitafanya nini. Zikalala! Kila seli ina kipimo chake cha chakula, kama mama anayechungulia pipa la unga kabla ya kualika wageni: pipa likiwa tupu, hakuna kukua wala kuzaana. Alirudi nyumbani na furaha yake, akatangaza mezani, "Ukizinyima sukari, zinalala!" Dada, mwenye uvimbe wa saratani tumboni, alikuwa mezani hapo. Kesho yake akaacha kula.

Kumbe zilizolala zilikuwa seli zenye afya. Visahani vya saratani vilikuwa bado kwenye kabati la joto, na msomi mzima hakuweza kungoja hata vikaguliwe! Alipoviangalia, alikuta seli za saratani zinaendelea kuzaana kana kwamba hakuna kilichopungua. Kipimo chao kimeharibika. Njaa haziisikii, na zikiwa mwilini hujichukulia tu kwa mwenye mwili.

Alimweleza dada siku hiyohiyo, na kila siku baada yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Unanionea huruma tu," dada alisema. "Unataka nile."

Leo asubuhi daktari hakuzungusha maneno: mwili umeisha, dawa ya saratani yenyewe itamuua kabla ya uvimbe. Hawatampa tena.

Sasa dada akageuka, akamshika mkono. "Niambie kweli, mdogo wangu. Njaa yote hii niliyoipigia magoti. Uvimbe umelala?"

Mdogo mtu akatazama shuka. Palipobaki pamenenepa ni hapo tumboni tu.

"Umelala, dada."

"Nilijua mimi!" Dada akacheka, meno matupu. "Basi lete hayo maziwa. Sasa naweza kula."

Alikunywa mafunda mawili, yakarudi yote. Mdogo wake akampangusa kidevu, akiwa na uchungu usio na pa kwenda. Uongo huo mmoja angeusema mwezi uliopita, dada angekula.