Santuri ya Zamani, Pikapu Mpya

Mume wangu Kassimu ni fundi cherehani, na kazi yake anaijua. Ugonjwa wake ni mmoja tu: akiona kitu kipya, cha zamani kinamnukia vibaya hapo hapo. Mwaka wa uhuru ugonjwa huo ulimpanda kichwani. Rumonge nzima ilikuwa ikipaka kuta chokaa, yeye akishona bendera kutwa, na kila akimaliza moja ananigeukia.

"Aziza, uhuru haiwezi kuingia mu nyumba ya mutu anayezungusha gramafoni na mukono."

Mimi nilidhani ni maneno tu ya mtu aliyechoka kushona ile ngoma ya mfalme katikati ya bendera. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaamua. Siku moja nilikwenda Minago kununua mawese, na niliporudi nikakuta mezani kuna pikapu mpya, mashine ya batri ya kupigia santuri, rangi ya maziwa, inang'aa. Mahali pa gramafoni yetu palikuwa na vumbi lenye umbo la gramafoni. Gramafoni alikuwa amempa Cikuru, Mkongomani wa Uvira anayeuza na kutengeneza redio pale sokoni, wakabadilishana, na Kassimu akaongeza pesa kidogo juu.

"Weye Kassimu, na harusi ya Mariyamu iko juma lijalo?"

"Ndiyo sababu!" akasema, meno yote nje.

Hapo ndipo nilipoketi chini na kapu langu kichwani, maana nilijua jambo ambalo yeye, kwa furaha yake, alikuwa hajalifikiria.

Mariyamu ni binti wa Kassimu na marehemu Mwanahamisi, mke wake wa kwanza. Mwanahamisi alikuwa rafiki yangu kabla sijawa mke wa mtu yeyote. Tuliimba pamoja kwenye harusi zote za mtaa wetu wa Waswahili. Yeye anatangulia, mimi na wenzetu tunaitikia. Wakati fulani wazungu walileta Usumbura mashine ya kunasa sauti, tukapanda lori la samaki, tukaenda kuimba wimbo mmoja. Mariyamu alikuwa mgongoni kwa mama yake, mchanga kabisa, na mzungu akaamuru mtoto atolewe nje asije akalia. Mwaka uliofuata Mwanahamisi akafariki. Ikabaki ile santuri, nyeusi na nzito, nami baadaye nikaolewa nikalea mtoto.

Sasa wimbo wenyewe ulikuwa ule wa kumtoa mwari. Kwetu bibi harusi hatolewi chumbani kimya kimya. Mama yake husimama mlangoni akamwimbia ruhusa, na mpaka wimbo ufike mwisho hakuna wa kumgusa, awe shangazi au mume. Asiye na mama huimbiwa na mama yake mdogo. Mimi nilikuwa nimeanza kunywa asali kwa ajili ya koo tangu posa ilipokubaliwa. Lakini Mariyamu aliniita kando, akanishika vidole.

"Mama mudogo, usikasirike. Mimi nitatoka na sauti ya mama yangu."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika mpaka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Wapo wanaosema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hao hawajawahi kumkanda mtoto wa mwenzao kifua akikohoa. Niliporudi kutoka ziwani hasira ilikuwa imepoa. Mtoto alitaka mama yake mlangoni, siku moja tu ya maisha yake. Ningekuwa mimi, ningetaka nini?

Kwa hiyo nilipoiona ile pikapu, sikuuliza bei. Niliuliza, "Umejaribu santuri ya Mwanahamisi?"

Kassimu akaitoa kwenye kitambaa chake, akaiweka, akabonyeza. Sahani ikaanza kuzunguka taratibu, kwa heshima zote. Akashusha sindano. Ikatoka sauti ya dume la mtu lenye usingizi, na nyuma yake wanaume wengine wanaguna kama wamelishwa ugali wa jana. Mmoja wa hao wanaume nilikuwa mimi.

Mariyamu alikuwa ameshaanza kukaa ndani kama mwari, ukuta mmoja tu kutoka pale. Tukamsikia akipiga kelele.

"Baba! Mumefanya nini mama yangu?"

Kassimu akasukuma kibao kidogo cha kubadilisha mwendo upande wa pili, kikaenda polepole zaidi. Akakirudisha. Akafungua batri, akazifuta, akazirudisha. Akaweka santuri mpya, ya cha-cha-cha kutoka Leopoldville, ikaimba vizuri kama nini. Akarudisha ya Mwanahamisi, dume likarudi na usingizi wake. Jasho likaanza kumtoka.

Tukamwita Cikuru. Alikuja na bisibisi sikioni, akasikiliza kidogo, akacheka, akaona sura yangu, akaacha kucheka.

"Amahoro, amani, mama. Hii mashini haina ugonjwa. Ile santuri ya zamani inataka kukimbia, na hii inajua kutembea tu. Zile za sasa zinazunguka polepole. Iko pikapu zingine za kujua mbio zote, za zamani na za sasa. Hii si ile."

"Na hukumwambia?"

"Mzee Kassimu hakuniuliza mbio. Aliniuliza rangi."

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alitazama dari.

"Basi turudishie gramafoni yetu," nikasema.

Cikuru akakuna shingo. Gramafoni alikuwa ameshaifungua vipandevipande. Springi yake ilikuwa imevuka ziwa na mteja wa Uvira. "Tena ile gramafoni yenu, mama, mutanisamehe. Ilijaa mawese. Yameganda mu meno ya mashini, mazito hivi. Ilikuwa inajikokota, sijui tangu lini."

"Mawese yana ubaya gani?" Kassimu akaja juu. "Mawese ya Minago, safi, nimechuja mimi mwenyewe! Bawaba za mulango si ninapaka mawese? Baiskeli si mawese?"

"Na cherehani unapaka nini, Mzee?"

"Cherehani iko na mafuta yake. Cherehani si mchezo, ndiyo inatulisha."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana nilielewa jambo. Miaka yote ile, kila santuri ilipopigwa nyumbani, nilikuwa nikijiuliza mbona Mwanahamisi anasikika kama mwanamke mzima mwenye wajukuu. Mwanahamisi niliyemjua mimi alikuwa na sauti nyepesi, ya juu, yenye haraka kidogo, ya msichana anayekimbilia kitu. Nilijiambia kwamba mashine za wazungu huzeesha watu. Kumbe ni mawese ya mume wangu.

Kassimu hakulala kwenye mawazo. Nikisema ana ugonjwa, sisemi hana akili. Aliagiza Cikuru atoe kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma sahani ya pikapu, ili sahani ibaki huru. Akasogeza meza karibu na cherehani yake ya miguu. Akapigilia mezani rili mbili za uzi zilizokwisha, akapitisha kamba ngumu kutoka gurudumu la cherehani, ikazunguka rili, ikakumbatia ukingo wa sahani, ikarudi. Batri zilibaki na kazi ya kutoa sauti. Mbio zingetoka miguuni mwake. Sindano ilikuwa nyembamba, ikirukaruka kwenye mifereji mipana ya santuri ya zamani, basi Cikuru akabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano, ikatulia. Ilikwaruza kama kitu kinachokaangwa, lakini nyuma ya mkwaruzo kulikuwa na mtu.

Kassimu akakanyaga. Miguu iliyokanyaga cherehani maisha yake yote haitikisiki. Dume likaamka, likawa kijana, likawa mwanamke.

"Hapo!" Mariyamu akalia kutoka chumbani. "Hapo hapo, baba! Ni yeye!"

Mimi nikasema, "Bado. Ongeza."

Akaongeza. Sauti ikapanda.

"Siye!" akasema Mariyamu. "Huyo si mama!"

"Ni yeye," nikasema ukutani. "Mama yako aliimba mbio. Ile uliyoizoea ni ya gramafoni yenye mawese."

Akasema neno lililonichoma, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Mama mudogo, hata yeye unataka kunibadilishia?"

Nilimgeukia Kassimu, maana ndiye aliyekuwa mume wa ile sauti. Miguu yake ilikuwa imesimama.

"Sema weye. Ipi ni yake?"

Akachukua kipande cha kitambaa chekundu cha bendera, akajifuta nacho uso.

"Sikumbuki, Aziza," akasema. "Nilisikia ile ya gramafoni miaka mingi kuliko nilivyomusikia yeye. Ya kweli imenipotea."

Yaani mimi, niliyekuwa nikimwonea wivu marehemu kwa sababu nilidhani mume wangu amemweka moyoni mzima mzima, nilikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa bado naye. Sikuona raha yoyote. Niliona upweke.

Tukaafikiana kwamba siku ya harusi Kassimu atakanyaga polepole, kama mtoto anavyotaka. Harusi ni ya mwari. Mimi nani?

Siku yenyewe ua ulijaa. Upande wa bwana harusi, Abasi, walikuja kutoka Magara wananukia ndagala, wale dagaa wa ziwani, na marashi. Kassimu alikaa kwenye cherehani yake mlangoni mwa sebule, amevaa kanzu mpya, watu wakidhani anamalizia shughuli ya mteja. Mimi nilisimama mbele ya mlango wa chumba, mikono mitupu, mahali ambapo mama anasimama.

Sindano ikashuka. Mwanahamisi wa mawese akaanza, mzito, wa polepole, na wanawake wote wakanyamaza kwa adabu. Walikuwa watu wa rika langu wengi wao. Walishacheza wimbo ule miguu ikawauma. Sasa walisimama kama wako msibani. Nikamtazama mmoja, naye akanitazama, na niliona anajua. Harusi hii hii, wimbo wa furaha kuliko nyimbo zote tulizonazo, na hakuna bega linalotikisika!

Mikono yangu ikapiga kofi. Sikuiagiza. Ilipiga kofi la wimbo ule kwa mwendo wake, kama tulivyoupiga kwenye lori la samaki, kama tulivyoupiga siku zote. Yule mwenzangu akadaka. Wa pili akadaka. Mara ua mzima unapiga makofi, mabega yanaamka, kigelegele kimoja kikapasuka nyuma, na sauti ya santuri inajikokota nyuma ya makofi.

Fundi cherehani hawezi kukaa nje ya mwendo. Miguu ya Kassimu ikafuata makofi. Kamba ikalia kwenye rili, sauti ikaanza kupanda, ikapanda, ikawa nyepesi, ikawa na haraka yake ndogo. Nikafumba macho. Alikuwa yeye. Baada ya miaka yote ile rafiki yangu alikuwa ameingia uani.

Shangazi yake Abasi akamvuta jirani yake kanga. "Eh! Kwao bibi harusi anajiimbia mwenyewe?"

"Nini?"

"Si huyu mwari ndiye anaimba huko ndani? Nilimusikia siku ya posa akisoma kasida. Ndiye huyu."

Nikafumbua macho. Nilimlea mimi mtoto huyu, nikasikia akiimba kila siku ya Mungu jikoni kwangu, na masikio yangu yalikuwa yamemzoea kiasi kwamba sikusikia. Mlango nyuma yangu ukafunguka. Mariyamu alikuwa amesimama kizingitini, ushungi umemwangukia mabegani, mikono myekundu ya hina imeshika koo lake.

"Mama mudogo," akasema, "ile ni sauti yangu."

"Ni ya mama yako," nikamwambia. "Alikuachia."

Akasikiliza. Machozi yakamshuka juu ya wanja, na mdomo ukawa unacheka.

"Na ule anayemujibu ni nani?"

"Ni mimi, mwanangu."

Alinishika mkono, hina yake ikanipaka, tukasimama pale kizingitini sote wawili, maana wimbo ulikuwa haujafika mwisho na mila ni mila. Aliimba na mama yake ubeti wa mwisho, na kweli hakuna aliyeweza kusema nani ni nani. Mimi niliitikia mahali pangu.

Wimbo ukaisha. Vigelegele vikajaa ua, upande wa Magara wakasogea kumpokea mwari, na mwari anamtafuta baba yake. Kassimu alikuwa bado anakanyaga. Sindano ilikuwa inakwaruza katikati ya santuri, mahali pasipo na wimbo, naye anakanyaga tu, kanzu mpya imelowa kifuani. Nikamwendea, nikamwekea mkono begani.

"Ni yeye, Aziza," akasema. "Ni yeye."

"Najua," nikamwambia. "Inuka sasa, mupeleke mutoto."