Mzee Mutahi Akataa Kusimama Nyuma Yangu

Mwalimu wetu Wamae ni kijana mpole, na upole wake nusura utufungie darasa. Kila Jumamosi sisi watu wazima tunajifunza Kiingereza katika ukumbi wa kanisa, hapa Majengo. Mimi Watiri, ambaye wengi huniita Mama Lynn, nilijiunga kwa sababu ya wajukuu wangu wa Nairobi. Wakija kunitembelea wanaongea Kiingereza kitupu, wanacheka, nami nacheka kwa kuwafuata tu. Inauma kuchekea usichokielewa ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Tulikuwa tukimsubiri afisa wa elimu. Alikuwa ameonya kwamba tumepungua mno, na asipokuta darasa lenye uhai atalifunga. Wamae akaamua tumwonyeshe jinsi maneno ya Kiingereza yanavyojipanga. Alitufungia shingoni vipande vya katoni, kila mtu na neno lake: mimi "such", Mutahi "a", Waithira muuza mboga "good", na Ben wa bodaboda "cow". Tukifuatana hivyo, tunamsifu ng'ombe. Ben alifurahi sana kuwa ng'ombe. Shida ilikuwa Mutahi.

Mutahi ana bucha, tena ni mzee wa kanisa. Harusini na matangani, kiti cha mbele ni chake hata akichelewa. Alitazama katoni yake yenye herufi moja, kisha akautazama mgongo wangu.

"Ati mimi nisimame nyuma ya Mama Lynn? Na hii neno yangu ni kidogo hivi!"

"Pole mzee, Kiingereza ndicho kinataka hivyo," Wamae akasema. "Na tukianza na 'so', hata 'good' anapita mbele yako. So good a cow."

"Kumbe hata Waithira atanipita!"

Akavua katoni, akatoka. Nusu ya darasa, wale anaosali nao, wakamfuata. Wamae akabaki ameshika chaki kama mtu aliyefiwa.

Nilishikwa na hasira, sitaki kudanganya. Lakini asubuhi ya ukaguzi nilikwenda buchani, nikaweka katoni yangu juu ya mizani yake.

"Chukua. Kaa mbele, mimi nitavaa ile yako. Lakini uje na watu wako."

Akaja nao, amevaa suti. Afisa alipoketi, Mutahi akatunisha kifua.

"Such!" akanguruma.

Ilikuwa zamu yangu. Nikanyamaza.

"Such!" akarudia, jasho likimtoka. Afisa akaweka kalamu chini. Wamae akafumba macho. Mutahi akageuka, akaninong'oneza, "Mama Lynn, tafadhali. Bila wewe siendi mahali."

Miaka yote niliyomjua, neno hilo "tafadhali" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nililiacha kidogo linipoze moyo.

"A!" nikasema, ukumbi mzima ukasikia.

"Good!" Waithira akadakia.

"Cow!" Ben akamaliza, akaongeza na kulia kama ng'ombe.

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Alisema darasa hili halifungwi, na nilipiga vigelegele hata kabla hajamaliza.

Jumamosi iliyofuata Mutahi aliwahi kuliko wote.

"Mwalimu, leo nipe hiyo neno kidogo. Nimeona ndiyo watu wanangojea."

"Hiyo ni yangu," nikamjibu. "Wewe nenda mbele."

Akaenda mbele, akinung'unika njia nzima.