Haki ya Sufuria

Kati ya kidato chetu tumebaki wanaume thelathini na mmoja. Wengine ama wamefariki ama wamehamia Kanada, na katika daftari la chama makundi hayo mawili tunayaandika kwenye safu moja. Kila tarehe ishirini na sita Disemba, sisi wahitimu wa shule ya bweni ambayo sitaitaja, kwa kuwa walioisoma wanaijua na wasioisoma hawawezi kusaidiwa, hukutana Malindi uani kwa Ndirangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tunakula mbuzi, tunaimba wimbo wa shule kwa Kilatini ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukielewa, kisha tunadanganyana kuhusu mbio tulizoshinda.

Mwenyekiti ni mimi, Menza. Shuleni nilikuwa kiranja wa bwalo, cheo ambacho waliokishika hawakisahau na walioteswa nacho hawakisamehe. Nilihakikisha kwamba hakuna mwanafunzi anayenyanyuka mezani kabla sahani yake haijawa safi, hata kama maharage yalikuwa na wadudu. Wadudu nao walikuwa wamegharamiwa na wazazi. Sijawahi kuona sababu ya kubadili msimamo huo.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia mwaka juzi nilipomwona Sidi, mpishi wetu, akipakia ndoo mbili za pilau kwenye tuktuk. Sidi ni mjane kutoka kijiji cha Adu, na kwa miaka tisa amekuja na wenzake wawili kutupikia. Mbali na malipo yao, ilikuwa desturi kwamba chochote kinachobaki sufuriani, pamoja na ukoko, ni haki ya wapishi. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo mahali popote, nami nina shaka na kila kitu ambacho hakikuandikwa. Ndoo mbili! Nilitazama tuktuk ile ikiondoka nikaona maziko ya nidhamu.

Katika mkutano uliofuata nilipendekeza kanuni, nayo ikapita bila kupingwa, kwa kuwa wajumbe wengi walikuwa wamesinzia. Mchele na nyama vitapimwa kwa idadi ya watu. Kila mtu atapakuliwa fungu lake kamili. Na kila mtu atalimaliza.

Siku ya shughuli nilifika kwa Ndirangu saa moja asubuhi nikiwa na mizani. Sidi alinikuta nimeinama juu ya gunia.

"Mzee Menza," akasema, "unapima mchele au unapima dhahabu?"

"Napima haki. Gramu mia mbili kwa kila mtu. Mwaka huu hakitabaki kitu."

"Hakitabaki kitu." Aliyarudia maneno yale polepole, kama anayesikiliza mgonjwa akiweweseka. "Na sisi?"

"Ninyi mmehesabiwa. Sahani tatu kamili, sawa na zetu."

"Sahani nakushukuru, baba. Tatizo langu si leo. Tatizo langu ni kesho." Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Kesho wakwe wanakuja nyumbani. Wanaleta pombe ya mnazi, wapange siku ya kumchukua binti yangu Idah. Wamekwisha kuahirisha mara mbili. Huko Adu mahindi yamekauka yakiwa ya kimo cha goti. Nina muhogo, nina mbaazi, nina nazi. Nyama ya kuwatengea wakwe ni hii hapa, iliyokuwa ibaki ndani ya sufuria yako."

"Ungelileta jambo hili mbele ya kamati mapema, kwa barua."

"Niombe? Miaka tisa ni haki yangu, leo niiombe kama sadaka?"

Nilimweleza kwa upole kwamba kanuni ikilegezwa kwa mtu mmoja si kanuni tena. Nilitaja mifano miwili. Nilipokuwa katikati ya wa pili, aliinuka akajikung'uta kanga.

"Haya, baba. Pima."

Nilifurahi kwamba ameelewa.

Saa tano wahitimu walikuwa wameketi chini ya turubai, matumbo yakiwa yametangulia kufika mezani. Nilisimama kutoa hotuba. Wakati huohuo wanawake wakaanza kutoka jikoni na mabakuli ya muhogo wa nazi, muhogo uliopasuka kwa kuiva, tui zito limeung'ang'ania, pilipili na ndimu pembeni, na madafu ya kuteremshia.

"Hii nayo nani kaiagiza?" akauliza Ndirangu, ambaye tayari alikuwa ameshaanza kuila.

"Haimo kwenye mizani," akajibu Sidi. "Ni zawadi ya jikoni. Nilikuja na gunia zima la kuuza sokoni, nikaona wazee wangu mna njaa."

Niliendelea na hotuba. Mbele yangu pia paliwekwa bakuli, na kati ya mada moja na nyingine nilionja. Nilizungumzia waanzilishi wa shule, nikaonja. Nilizungumzia kuporomoka kwa maadili, nikaongezewa. Nilipofika kwenye sifa za mwalimu wetu wa jiografia, nilikuwa katika bakuli la tatu, na wenzangu walikuwa wakila kwa uaminifu ambao sikuwahi kuuona wakati wa ibada. Hotuba ilichukua dakika hamsini. Ilinisikitisha kuikata.

Saa saba na nusu masufuria yakatolewa jikoni. Harufu ya iliki na mdalasini ilitufikia, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chama wanaume thelathini na mmoja walipigwa na harufu ya pilau wakaguna kwa masikitiko. Mikanda ililegezwa. Hakimu mmoja mstaafu alikuwa ameegemea nguzo ya turubai, macho amefumba, akipumua kwa mdomo.

"Menza," akasema Ndirangu, "naomba ruhusa nikapumzike kidogo. Mpaka Pasaka."

"Utakula fungu lako."

"Kiranja, unakumbuka ulivyonikalisha bwaloni mpaka saa tisa kwa sababu ya kabichi? Sikuimaliza mpaka ikaota ndevu. Haya, nipakulie. Nikifa, andikeni kaburini kwamba sahani ilikuwa safi."

Wote wakacheka, wakashika matumbo kwa maumivu ya kucheka. Lakini hakuna aliyesukuma sahani yake. Ndipo nilipoona jinsi nilivyowafundisha vizuri. Wangeila pilau ile yote. Wangeila wakitokwa na machozi, punje kwa punje, kwa sababu niliwaambia waile.

Nikageuka kumtazama Sidi. Alikuwa amesimama kando ya sufuria kubwa, upawa mkononi, hatutazami sisi. Anaitazama nyama. Nikalielewa gunia lile la muhogo. Alikuwa ametoa alichokuja kuuza ili atushibishe kwa kitu rahisi, kitu kizuri ajuacho kwamba hakuna mwanamume wa pwani wala wa bara anayekikataa, akitumaini kwamba tutashindwa na kile cha ghali. Hesabu yake ilikuwa bora kuliko yangu, ila kwa kosa moja: hakudhani kwamba watu wazima wangeweza kutii upuuzi.

Na palikuwa na jambo jingine ambalo halikuhitaji kamati. Chakula kilichobaki sufuriani ni kiporo, na kiporo kina heshima zake. Kikishapakuliwa kwenye sahani ya mtu na kuguswa, ni makombo. Hakuna mama atakayewatengea wakwe makombo, hata kama wakwe hawatajua. Upawa ukishatua kwenye sahani thelathini na moja, mambo ya Idah yamekwisha, na wakwe wangekuwa wamepata sababu ya kuahirisha mara ya tatu.

Upawa wa kwanza uliinuka, ukaelekea kwenye sahani ya hakimu.

"Nusu," nikasema.

Sidi akasimamisha mkono. "Unasemaje, baba?"

"Mpakulie nusu. Kila mtu nusu. Asiyetaka, asipakuliwe."

Vichwa vyote chini ya turubai vikanigeukia, kama vilivyokuwa vikigeuka bwenini mwalimu wa zamu alipofungua mlango.

"Na kanuni?" akauliza hakimu, amefumbua jicho moja.

"Kanuni ina kosa. Niliitunga mimi, kwa hiyo kosa ni langu."

Nimeongoza chama hiki miaka kumi na minne. Nimewahi kutangaza misiba saba na kupokelewa kwa utulivu zaidi kuliko nilivyopokelewa siku ile. Ndirangu alipanda juu ya kiti, kiti kikalia, akapaza sauti: "Iandikwe! Katibu, iandike kwenye kumbukumbu na saa uiweke!" Kisha wakaanza wimbo wa shule kwa Kilatini, beti zote, wakinipigia meza. Sikutabasamu. Nilisubiri wamalize, nikawaambia waliruka ubeti wa tatu.

Sufuria moja na nusu zilibaki. Jioni ilipokaribia nilimkuta Sidi akitandaza pilau kwenye masinia ipoe isije ikachacha, nyama ameitenga, mifupa mbali, minofu mbali, ukoko ameubandua kwa vipande vipana kama vigae.

"Mwenyekiti," akasema bila kuinua uso, "muhogo ulikuwaje?"

"Ulikuwa mwingi."

"Ulikula mabakuli matatu."

"Nilikuwa natoa hotuba."

"Ndiyo hiyo iliyoniokoa. Ningeweza kuwashibisha bila nazi, lakini si bila hotuba." Akafunga ndoo ya kwanza. "Sasa nina upungufu mmoja. Shemeji yangu ndiye angekaa na wakwe kesho, lakini ni bawabu hotelini Watamu, na msimu huu wamemnyima ruhusa. Nahitaji mzee wa kuvaa koti na kuongea kwa muda mrefu bila kusema kitu."

Nilimwambia kwamba nitafika saa nne kamili.

Nilifika saa tatu na nusu. Katika boma la Sidi pale Adu hapakuwa na punje moja ya pilau niliyoweza kuitambua. Mifupa ilikuwa imechemka tangu alfajiri pamoja na tangawizi na ndimu, na supu yake ilimfanya mtu akae wima. Minofu ilichambuliwa ikatiwa kwenye mbaazi za nazi, kiasi kwamba kila kijiko kilikamata nyama ingawa nyama yenyewe haikuwa nyingi. Pilau ilipondwa pamoja na muhogo uliochemshwa, ikafinyangwa kababu, zikachovywa kwenye yai, zikagaragazwa kwenye ukoko uliotwangwa, zikakaangwa hadi zikawa na ganda linalolia mdomoni. Nilikula moja jikoni, kwa ajili ya ukaguzi.

"Shikamoo, baba," akasema Idah, akaniondolea sahani kabla sijakagua ya pili.

Wakwe walikuwa wanne, wakiongozwa na Mzee Fondo, baba wa bwana harusi, mtu mwembamba mwenye kinywa kisichopenda kupoteza neno wala tonge. Mnazi uliwekwa katikati. Tuliulizana habari za afya, za mvua, za jamaa hadi kizazi cha nne. Chakula kikaja. Fondo alikunywa supu yote, akaweka bakuli chini. Akala mbaazi, akapangusa kijiko. Alipokula kababu ya tatu akaweka mkono gotini.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "huyu mbuzi mmemchinja leo?"

Kule jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria.

Ni haki nieleze kwamba sijawahi kusema uongo kwa faida. Nimewahi kukataa kusaini cheti cha ugonjwa cha mpwa wangu mwenyewe. Mkwe anapouliza swali kama hilo hataki kujua habari za mbuzi. Anauliza kama tulimtarajia, kama ana uzito machoni petu, kama kijana wake anaingia katika nyumba ya watu. Jibu la kweli kuhusu mbuzi lingekuwa jibu la uongo kuhusu hayo mengine yote. Hivyo ndivyo nilivyojieleza baadaye nikiwa peke yangu. Wakati ule nilifungua tu mdomo.

"Mzee Fondo," nikasema, "mbuzi yule alichinjwa kwa ajili ya baraza la wazee."

"Baraza gani?"

"Hili."

Akanitazama. Nikamtazama. Nilimtazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi aliyedai kwamba amekwisha kula.

"Nimeona," akasema, akachukua kababu ya nne. "Mbuzi wa leo hana ladha ya kuingia mpaka mfupani namna hii. Huyu alilala na viungo. Mpishi ameanza jana kutuandalia. Hiyo ndiyo heshima." Akawageukia wenzake, wakatikisa vichwa. "Tusisumbuane zaidi. Jumamosi baada ya Pasaka tunakuja kumchukua binti."

Jikoni mtu aliangusha kifuniko, wala hakukiokota.

Mnazi ukanywewa. Nilitoa hotuba fupi ya dakika kumi na tano. Jua lilipoanza kupinda wakwe waliinuka, na Mzee Fondo, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake, akasogea karibu na sikio langu.

"Mke wangu anauguza mguu, hakuweza kuja," akanong'ona. "Zile kababu. Hamwezi kunifungia zilizobaki nimpelekee?"

Zilikuwa zimebaki sita. Nilikuwa nikizitazama tangu supu, na nilikuwa nimekwisha kuamua jinsi nitakavyozigawa kati yangu na mimi. Sidi alitoka na jani la mgomba, akazifunga zote, akampa kwa mikono miwili. Nikawasindikiza wakwe mpaka barabarani, nikarudi nikaulizia muhogo.