Nyundo Ndani ya Eda

Siku ya arobaini ya Abdulrazaki, pilau lilipokwisha na wageni wakaanza kutafuta viatu vyao, ndugu wa marehemu walibaki sebuleni kugawa mali. Mwanabaraka, mjane wake, alikaa chumba cha pili nyuma ya pazia, na kila neno alilisikia. Duka la chumvi na vitunguu lilikwenda kwa Selemani, mdogo wa marehemu, kwa hoja kwamba mtaji wa kwanza ulitoka kwa baba yao. Nyumba hiyo ya Mandewa nayo ilikuwa ya baba yao, kwa hiyo mjane angekaa humo mpaka eda iishe, baada ya hapo ajue pa kwenda. Hajira, binti pekee, alipewa ng'ombe waliokuwa wakichungwa Mgori. Ilipofika zamu ya mjane, watu walioshiba wakatazamana.

Ustadhi aliyekuwa akisimamia akakumbusha kwamba kuna lile Pijo uani. Selemani akacheka.

"Lile kopo? La kuvunda halina ubani. Mwachieni, ndilo fungu lake."

Wakasoma fatiha, wakaondoka. Hakuna aliyeandika. Watu wa ukoo ule waliona kuandika ni kutoaminiana, na anayeaminiwa siku zote huwa ndiye mwenye nguvu.

Pijo lenyewe lilikuwa pikapu ya Kifaransa iliyobeba magunia ya chumvi ya ziwani kwa miaka mingi, na chumvi haisahau ilipolala. Ilikula sakafu mpaka dereva akawa anaona barabara katikati ya miguu yake, ikala milango kwa chini, ikapanda kwenye madigadi. Injini haikuwa na neno. Bodi ndilo lililokufa, na marehemu akalifunika turubai miaka mitatu nyuma akisema atalishughulikia. Marehemu alikuwa mtu wa kusema atalishughulikia.

Hajira aliporudi kwa mumewe kule Nduguti, Mwanabaraka alibaki peke yake na miezi mitatu ya eda mbele yake. Mjane wa eda hatoki. Alifagia ua mpaka udongo ukamchoka. Siku moja akafunua turubai, akabonyeza mlango kwa kidole, kidole kikapita. Alilia pale, si kwa ajili ya mume, bali kwa hasira ya kupewa urithi unaotobolewa kwa kidole. Kisha akaingia ndani akachukua kisu cha jikoni, akaanza kukwangua.

Nyuma ya ukuta wa mabati palikuwa na gereji ya Mathayo, fundi bodi, Mnyaturu wa Ikungi, Mkristo mpole ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Loyce. Alisikia ule mkwaruzo siku mbili. Siku ya tatu akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba kutu haikwanguliwi kwa kisu, hukatwa mpaka ufike kwenye chuma kinacholia. Mwanabaraka akaweka kisu chini. Kisha akauliza chuma kinacholia kinaliaje.

Ndivyo darasa lilivyoanza. Mathayo hakuwahi kuchungulia hata mara moja. Alichokijua kuhusu eda ni kwamba ni jambo zito la Waislamu, na kwamba mwanamume akilikaribia analichafua. Kwa hiyo alifundisha kwa masikio. Vifaa alivipitisha juu ya ukuta ndani ya ndoo yenye kamba: tindo, brashi ya waya, msasa, mkasi wa bati, ribiti na mashine yake, nyundo na kipande cha chuma cha kushikiza upande wa nyuma. Mwanabaraka akigonga, yeye anaacha kazi yake na kusikiliza.

"Hapo umelivuta, Mama Hajira. Limelia kama debe. Anzia pembeni, uje katikati polepole."

Na kweli, akianzia pembeni, bati lilitulia.

Alikosea mengi. Kosa lililomuuma zaidi lilikuwa la maji. Alikuwa amekwisha kukata kutu yote ya milango, akaziba matundu kwa vipande vya pipa la mafuta, akavipiga ribiti na kuvisawazisha kwa puti. Akapiga msasa wa maji kwa kuchota kisimani uani, kama anavyochota ya kufulia. Baada ya wiki puti ikavimba, chini yake mna kutu nyekundu, changa, yenye afya. Mathayo alipoambiwa aliuliza maji yametoka wapi. Kila mtu wa Mandewa anajua kisima kile kina chumvi, hata chai yake ni ya kujilazimisha. Mwanabaraka aliijua chumvi ya chai, hakuijua ya bati. Alibandua kazi yote ya wiki mbili akaanza upya, safari hii kwa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa la kunywa. Wiki hiyo alikunywa ya kisimani.

Nyundo zake hazikumshangaza mtu. Ukiishi jirani na gereji, nani atahesabu nyundo ipi ni ya nani? Mtaa ulisikia Mathayo anafanya kazi sana siku hizi, ukamsifu.

Eda ilipokwisha, Pijo lilikuwa la kijani, rangi zilizosalia gerejini ambazo Mathayo alizichanganya na kumpitishia pamoja na bomba la kupulizia. Rangi haikuwa laini kila mahali. Ubavuni ilitiririka kidogo. Lakini sakafu ilikuwa ngumu na milango ilifungwa kwa sauti ya mlango. Mwanabaraka alioga, akavaa dera jipya, akafunga betri ya kuazima. Kuendesha alijifunza zamani, pale mgongo wa mume ulipokuwa ukimsumbua kwenye barabara ya Mgori. Alitoka getini mwenyewe, akaenda kupakia vitunguu. Furaha ya siku ile hakuwa ameipata hata siku ya harusi yake, na hakuona haya kujiambia hivyo. Kwa kazi ya gari angepanga chumba, hakuhitaji tena kwenda kuwa mzigo kwa mkwewe kule Nduguti.

Kizuri chajiuza. Siku ya nne Selemani alimwita ustadhi na wazee wa ukoo. Hakusema analitaka gari. Mtu mwerevu hasemi hivyo. Alisema ametapeliwa. Walipogawa mali walidhani wanagawa skrepa, kumbe chini ya turubai palikuwa na gari zima, na shemeji yake alilipaka matope ili wasilitamani. Basi mgao ule ni batili, gari lirudi kwa ukoo.

Mwanabaraka alisema alilitengeneza mwenyewe. Wazee wakacheka kwa adabu. Akaonyesha viganja vyake, Selemani akasema mwanamke yeyote anayelima ana viganja hivyo.

"Kama si hivyo," akaendelea, "basi kulikuwa na fundi uani, mwanamume, shemeji akiwa ndani ya eda. Achague mwenyewe."

Hapo ndipo mtego ulipokuwa, na Mwanabaraka aliuona. Akapita katikati yake kwa kusema kweli. Alieleza ukuta, ndoo, kamba, na jinsi Mathayo alivyomfundisha kwa kusikia. Ustadhi alikuwa mtu wa haki. Aliwaambia wote kwamba kusema na mtu kwa haja, kukiwa na kizuizi kati yao, si kosa wala si aibu. Kama jirani atashuhudia, gari ni la mama. Mwanabaraka akapumua. Shahidi wake alikuwa umbali wa hatua ishirini, na hakumjua mtu mkweli kuliko yeye.

Mathayo aliingia akifuta mikono, akawaamkia wazee shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa benchi. Yaliyosemwa kabla hakuyasikia. Aliona tu kanzu, kofia, na nyuso za watu wanaohukumu. Selemani akawahi kuuliza kabla ya ustadhi.

"Wewe fundi, umewahi kusema na huyu mama akiwa ndani ya eda?"

Mathayo alimtazama Mwanabaraka. Yeye akamtikisia kichwa, sema. Mathayo akaelewa vingine, akadhani anaombwa akane.

"Haki ya Mungu, wazee wangu, hata sauti yake siijui. Mimi na gari hilo hatujuani."

Mwanabaraka alisimama akamwambia aseme kweli, amwambie ustadhi habari ya ndoo. Mathayo akaangalia chini na kurudia kiapo chake, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemkinga mwenzake mvua. Mwanabaraka akaomba basi waletewe bati na nyundo, agonge mbele yao. Ustadhi, akiwa na huzuni ya kweli, akamwambia asijiongezee aibu. Shahidi aliyemwita yeye mwenyewe ndiye aliyemkana. Selemani aliondoka na funguo, na getini alilipigapiga Pijo ubavuni, pale rangi ilipotiririka, akisema bodi la Mfaransa halifi.

Mchana huohuo Mwanabaraka alikuwa akifunga nguo zake kwenye shuka, akikusudia basi la Nduguti, aliposikia mtu anakohoa nyuma ya ukuta. Alitamani Mathayo awe amehongwa. Mtu aliyehongwa unaweza kumchukia ukapata usingizi.

"Mama Hajira," Mathayo akasema. "Nilijua wanataka kukuchafua. Gari ni bati tu, heshima ndiyo kitu. Nimekusitiri."

Akangoja ashukuriwe. Mwanabaraka aliukaribia ukuta, karibu kuliko siku zote za eda, mpaka paji la uso likagusa mabati yenye joto la jua.

"Baba Loyce," akasema, "mimi na wewe tulifanya nini cha kusitiriwa?"