Mwanya wa Shangazi

Nyumbani walimwita Kasuku, na jina lilimkaa. Tangu alipoanza kusema, mdomo wake haukukauka. Alizungumza akila, alizungumza akivalishwa viatu, na usiku mwingine alizungumza usingizini, akimgombeza mtu asiyejulikana ni nani. Alikuwa kitinda mimba. Alikuja wakati wazazi wake walikwisha kugawa nguo za watoto wachanga, na kaka zake wawili walishaota ndevu na kujitegemea.

Kwa hiyo mwalimu wa chekechea alipoona kitobo cheusi kwenye gego lake, akasema apelekwe kwa daktari wa meno, mama yake aliangua kicheko.

"Huyo daktari namwonea huruma," alimwambia mumewe. "Kazi si kumfungua mdomo huyu. Kazi ni kumfunga."

Mama alikuwa mpishi wa shule, na masufuria ya shule hayamsubiri mtu. Basi safari ikamwangukia baba, fundi redio, mtu wa maneno machache, aliyeshinda kibandani akiwa amezungukwa na redio zilizotolewa matumbo nje. Wale wakubwa hakuwahi kuwapeleka. Alikwenda mama yao, naye baba akapata habari jioni, zikiwa zimepoa. Asubuhi hiyo alifunga kibanda, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, kisha akamshika binti yake mkono.

Njia nzima ilikuwa maswali.

"Baba, daktari wa meno ana meno?"

"Anayo."

"Yakiuma anajitoa mwenyewe?"

"Anakwenda kwa mwenzake."

"Na mwenzake je? Na simba je, simba anakwenda kwa nani?"

Baba akasema la simba watamuuliza daktari.

Walipofungua mlango wa zahanati, harufu ikampokea baba kabla ya mtu yeyote. Ni ile harufu ya dawa ya meno, yenye ukali wa karafuu, ambayo miaka yote hii hawakuibadilisha. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi masharubuni, lakini ghafla miguu yake ikawa miguu ya mtoto wa miaka tisa, na ubavuni mwake akamhisi dada yake, msichana wa miaka kumi na minne, aliyevaa gauni la kuazima ili aonekane mkubwa.

Dada huyo walimzika mwaka juzi. Tangu siku hiyo fundi redio hakuwa amemtaja kwa mtu. Si kwamba alimsahau. Kila alipotaka kumtaja, alichukua bisibisi akaendelea na kazi.

"Karibuni ndani," sauti ikaita.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye barakoa iliyoshushwa kidevuni. Alisema, "Haya, nani mgonjwa leo, mtoto au baba?"

"Mtoto," akajibu baba, akamsukuma Kasuku kidogo. "Msalimie daktari."

Kasuku alitazama kile kiti kirefu, akatazama taa yenye shingo kama ya korongo, akatazama vyuma vilivyolala kwenye sinia. Halafu akafunga mdomo. Aliufunga hasa, midomo ikaingia ndani kama ya kikongwe, akatulia kama maji mtungini. Baba hakuwahi kuona jambo kama lile. Akambembeleza, wapi. Daktari akamchezea kioo kidogo cha mpini, wapi. Muuguzi mmoja akapita akasema, "Fungua mdomo mama, haiumi," na Kasuku akamtupia jicho la mtu asiyedanganyika.

"Basi," daktari akasema, "tuanze na baba. Baba panda wewe, umpakate. Yeye atanisaidia kuhesabu meno yako."

Fundi redio hakuwa amekalia kiti cha namna ile tangu utotoni. Alipanda roho mkononi, binti yake mapajani, akafumbua kinywa. Daktari akawasha taa, akampa Kasuku kile kioo.

"Ngoja nihesabu," daktari akasema. "Moja, mbili, tatu, saba, tisa..."

Kasuku alivumilia mpaka akashindwa. "Sio saba! Baada ya tatu ni nne!"

"Ah, kumbe! Nisaidie basi."

Mdomo ukafunguka kama bomba. Alihesabu yeye, kwa sauti, akimgusa baba yake jino moja moja kwa kidole chenye harufu ya sabuni, mpaka akafika nyuma, upande wa kushoto, akasimama.

"Baba. Hapa hamna."

"Ni pengo hilo."

"Jino lako liko wapi?"

Baba alitaka kujibu kwa neno moja, kama kawaida yake. Lakini ile harufu ilikuwa imekwisha kumlegeza.

"Liling'olewa nikiwa mdogo," akasema. "Shangazi yako ndiye aliyenipeleka. Mama alikuwa kalazwa hospitali, baba kazini, basi dada yangu akanibeba mgongoni, maana shavu lilikuwa limevimba nikakataa kutembea. Tukafika kwa daktari, mwanamume mkubwa, mikono kama makasia. Mimi nalia. Shangazi yako akasimama mbele yake, kimo chake kinaishia kifuani kwa yule bwana, akamwambia, 'Daktari, shikamoo. Huyu ni ndugu yangu. Ukimwumiza zaidi ya inavyobidi, nitakuuma mimi.'"

Daktari kijana akacheka. "Na yule mzee akasemaje?"

"Akasema, 'Marahaba.' Hana jingine la kusema."

Kasuku alicheka mpaka akajiegemeza kifuani kwa baba yake, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka kwenye magego. Na pale juu, katikati ya meno ya mbele, ukaonekana mwanya. Baba alikuwa akiuona kila siku. Siku hiyo, chini ya taa ile, aliuona ulivyo: mwanya wa dada yake, na kicheko chenyewe ni chake.

"Sasa na mimi nione ya kwako," daktari akasema taratibu, na Kasuku hakufunga tena.

Kitobo kilikuwa kidogo. Daktari alimwambia kila kitu kabla ya kukifanya. Hiki kinapuliza maji. Hiki kinanguruma na kutetemesha, utasikia jino linatekenywa. Kilipoanza kunguruma, mtoto alikamata kidole gumba cha baba yake, akakiminya kwa nguvu zake zote. Baba alimwacha aminye. Hivyo hivyo ndivyo yeye alivyouminya mkono wa dada, na dada hakuunyofoa.

Kazi ilipokwisha, baba akauliza, akijitahidi sauti iwe ya kawaida, "Daktari, huo mwanya wa mbele. Utabaki?"

"Meno ya utoto kuachana ni jambo zuri, baba. Ya ukubwani yakiota, mengine huziba, mengine hubaki. Siwezi kuahidi."

"Sawa."

"Na wewe, hilo pengo, hutaki tukuwekee jino la bandia?"

Fundi redio akatabasamu. "Jino la pembe si dawa ya pengo, daktari. Liache. Nimelizoea."

Waliambiwa mtoto asile kwa saa moja. Hakuna aliyesema asiongee. Walipotoka, baba hakushika njia ya kibandani. Alizunguka ile ya mbali, inayopita nyuma ya viwanja vya mpira, na kasuku siku hiyo wakawa wawili.

"Shangazi alikuwa mrefu?"

"Mfupi. Lakini ukimsikia akiita, ungedhani jitu."

"Alijua kupika?"

"Aliunguza kila kitu. Tulikula tukanyamaza."

"Alijua kupiga mluzi?"

Baba akasimama. Alikuwa amesahau. Alikuwa amesahau kabisa kwamba jioni, akirudi kutoka kuteka maji, dada yake alipiga mluzi kupitia ule mwanya, na yeye mtoto akaacha mchezo wowote akamkimbilia.

"Alijua," akasema. "Tena sana."

"Ulikuwaje?"

Akakunja midomo, akajaribu. Ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena, wapita njia wakigeuka kumtazama mzee mzima, mpaka ukapatikana mluzi mwembamba, wenye kuyumba. Kasuku akasema sivyo, baba hajui, ngoja yeye aonyeshe. Akasimama katikati ya njia, akajaza mashavu hewa, akapuliza kupitia mwanya.